Somo la Wiki: Kwa Nini Mchoro wa Kompyuta Husafishwa Kabla ya Hesabu

Wiki hii tunaweka kando bei za hisa na za mazao, tuzungumzie gharama moja inayowashtua wawekezaji wadogo wanaotengenezesha mashine. Mteja hupeleka kwa mhandisi mchoro wa kompyuta uliokamilika, akitaka kujua tu kama chuma kitahimili mzigo. Ankara inaporudi, saa nyingi zinazodaiwa ni za "kusafisha mchoro". Mteja huona ameibiwa. Mara nyingi hakuibiwa.

Hesabu ya namna hii hufanywa kwa kukigawa kifaa kizima katika vipande vidogo vilivyoungana kama matundu ya wavu, kisha kompyuta hukadiria mkazo katika kila kipande. Ili wavu huo ufumwe, umbo lazima liwe limefungwa pande zote. Taabu huanzia hapo. Programu iliyochora huenda inakubali kwamba kingo mbili zimekutana hata kama zimeachana kwa milimita 0.01, programu inayopokea inataka 0.001. Faili likifunguliwa upande wa pili, ufa hujitokeza, na kompyuta haitambui tena ndani ni wapi na nje ni wapi. Mhandisi huziba nyufa hizo, hufuta nyuso zilizojirudia, na nyuso nyembamba kama uzi huziunganisha na jirani zake.

Angeweza kuuacha uchafu huo na kuvipunguza vipande ili viufuate. Lakini tupige hesabu. Bonge la chuma la milimita 100 kila upande, likigawanywa kwa vipande vya milimita 5, hutoa vipande 8,000. Kwa milimita 2.5 ni 64,000. Kwa milimita 1 ni 1,000,000. Kwa sababu hiyo vitu visivyobeba mzigo huondolewa kabisa: jina la kiwanda lililochongwa, mistari ya skrubu, vitundu vilivyo mbali na mzigo.

Hapa ndipo mteja afungue macho. Chukua kikono cha chuma kinachoshikilia mota ya mashine ya kusaga. Kona yake ya ndani, pale kinapopinda, imeviringwa kidogo. Mtu mwenye haraka ataufuta mviringo huo pamoja na takataka nyingine, na kubakiza kona kali. Kompyuta ikihesabu, mkazo wa kwenye kona hiyo hupanda kila vipande vinapopunguzwa, na haufiki kikomo. Tarakimu utakayopewa itategemea ukubwa wa vipande tu, wala si uimara wa chuma chako. Nyufa nyingi za uchovu wa chuma huanzia kwenye kona kama hiyo, kwa hiyo mviringo huo ndio usioguswa.

Kwamba wavu mbaya ni hasara ya fedha, Norway walijionea. Tarehe 23 Agosti 1991 msingi wa zege wa jukwaa la gesi la Sleipner A ulizama karibu na Stavanger wakati wa majaribio. Uchunguzi ulionyesha kwamba vipande vya wavu mahali kuta za vyumba vyake zinapokutana havikufaa, na mkazo wa kukata ulikadiriwa pungufu kwa asilimia 47. Ukuta ukapasuka, maji yakaingia. Waliokuwemo waliokolewa, lakini hasara ilikadiriwa kuwa dola milioni 700 hivi.

Kabla ya kulipa, mwombe mhandisi orodha ya vilivyoondolewa, uipitie pamoja na fundi atakayetengeneza kifaa. Omba pia hesabu ifanywe kwa wavu wa ukubwa wa aina mbili. Majibu yakitofautiana sana mahali penye mzigo, kazi haijaisha. Na kama mchoro umeununua kwa mtu, mdai faili la STEP, kiwango cha kimataifa kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1994, maana hilo hubeba nyuso halisi pamoja na vipimo. Faili la STL ni rahisi kulipata, ila lina pembetatu tupu na halitaji kipimo: kikono cha inchi 4 huweza kusomwa kuwa cha milimita 4.