WASTANI WA SHULE HUSEMA NINI?

Likizo iliyopita mtoto wa mjombangu alitujia hapa Ziwa la Ng'ombe kutoka Kinango, kaunti ya Kwale. Yuko kidato cha tatu kama mimi, katika shule ya kutwa huko kwao. Siku ya pili nikamkuta uani amejiinamia. Nikamuuliza, "Una nini ndugu yangu?" Akasema, "Nimeambiwa nitafute shule nyingine nikasajiliwe KCSE huko. Ati nitashusha wastani wa shule."

Neno hilo wastani nalisikia kila matokeo yatokapo, nami nikidhani nalijua. Kumbe wapi! Basi nikamwendea mwalimu wa hesabu, na haya ndiyo niliyotoka nayo. Shika kalamu tufanye pamoja.

Kila mtahiniwa hupata gredi moja ya jumla. A ni pointi 12, A- ni 11, na hivyo hivyo kushuka hadi E ambayo ni pointi 1. C+ ni 7, na ndiyo mlango wa kusomea shahada chuo kikuu. Tangu mtihani wa 2023 gredi hiyo hutokana na hesabu, lugha moja, na masomo mengine matano aliyofanya vizuri zaidi. (Kwa hivyo Kiswahili chaweza kufanywa na kisihesabiwe, jambo ambalo sisi wa chama hiki hatukulifurahia hata kidogo.) Shule hujumlisha pointi za watahiniwa wote, ikagawanya kwa idadi yao. Hiyo ndiyo wastani, hakuna uchawi.

Sasa chukua shule mbili za kubuni, msizitafute kwenye ramani. Ya kwanza ina watahiniwa 10: C+ mmoja, C mmoja, D+ wawili, D watatu, D- wawili na E mmoja. Jumla ni 35, wastani 3.5. Ya pili pia ina 10: D+ watano na D watano. Jumla ni 35, wastani ni ule ule 3.5. Lakini ya kwanza imetoa mtu wa chuo kikuu, ya pili haikutoa hata mmoja. Nambari haikutuambia.

Tena nambari haisemi mtu alianzia wapi. Wawili wakishindana mbio hadi soko la Kongowea, mmoja akatoka Bombolulu na mwingine Mtwapa, nani atamcheka wa Mtwapa akifika nyuma? Shule za kitaifa zilichukua waliopata alama za juu kabisa katika KCPE, mtihani uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Shule za kutwa za vijijini zilipokea waliobaki. Na Kinango ni nchi ya mifugo na ukame. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo, na Kwale ilikuwa katika kaunti zilizoumia. Binamu yangu alikuwa shule ya msingi wakati huo. Siku nyingine badala ya kuingia darasani alifuata punda kutafuta maji. Mwalimu aliyempokea mtoto huyo akamfikisha D+ amefanya kazi kubwa, lakini kwenye bango la shule hiyo ni aibu.

Sasa njoo kwenye hila yenyewe. Rudi kwenye ile shule ya kwanza. Waondoe wale D- wawili na yule E, waambie wakafanye mtihani kwingine. Wamebaki 7, pointi 30. Gawanya: 4.29. Shule "imepanda" kutoka 3.5 na hakuna mtoto hata mmoja aliyejifunza neno jipya! Wazazi watapiga vigelegele, na wale watatu hakuna atakayewauliza wako wapi.

Mwaka 2014 Profesa Jacob Kaimenyi, aliyekuwa Waziri wa Elimu, alipiga marufuku kuzipanga shule toka ya kwanza hadi ya mwisho. Orodha iliondoka, hamu haikuondoka. Tena sheria ipo. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza mwanafunzi kuzuiliwa darasa au kufukuzwa shule, isipokuwa kwa kanuni za nidhamu. Kushusha wastani si utovu wa nidhamu.

Usiku ule tulikaa na karatasi, tukapima dhambi yake. Tuseme wenzake 60 wana wastani wa 3.5, yaani pointi 210. Yeye apate D-, pointi 2. Jumla 212, gawanya kwa 61: 3.475. Ameshusha kwa 0.025! Binamu yangu akaitazama ile nambari kitambo, akaniuliza, "Ni hiyo tu?" Nikamwambia ni hiyo tu. Tukairudia mara mbili, maana hesabu si somo lake wala langu.

Shule ilipofunguliwa mjomba alifuatana naye, ile karatasi mfukoni na nambari ya kifungu imeandikwa kwa nyuma. Alipewa chai akaambiwa jambo lake litaangaliwa. Hadi ninapoandika haya binamu yangu bado anaingia darasani kila siku, na jibu hajapewa.