Maharage makavu mikononi mwa watoto

SWALI: Kituo chetu kipo Kibaha. Wenzetu wa Kisarawe huwapa watoto wa awali maharage na mahindi makavu wayachezee. Je, ni salama?

JIBU: Kwa wasiotimiza miaka 3, hapana. Harage huingia puani kimyakimya, hunyonya unyevu na kuvimba, hata kulitoa kukahitaji daktari. Likiteleza hadi njia ya hewa, mtoto anaweza kufa. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu inayoondoka kwa kuchemshwa vizuri tu: punje nne au tano zinatosha kuleta matapishi. Mahindi yenye ukungu yasiguswe kabisa. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016.

Mtasema mwalimu yupo. Yupo, ila ana darasa zima, na kumeza ni kufumba na kufumbua. Hoja nzito zaidi ni kwamba nafaka haina gharama na inafunza vidole kubana na kumimina. Kweli, lakini mchanga uliochekechwa na vifuu vya nazi hufunza hayo hayo, na Pwani havitafutwi mbali. Wa miaka 5 wapeni mahindi safi, wachache kwa zamu, mkihesabu punje zinazotoka na zinazorudi.