Somo la Fundi: Kushona Matandiko ya Punda Yanayokaa Sawa

Mtungi wa lita 20 za maji una uzito wa kilo 20. Punda anayetoka mto Turkwel na mitungi miwili hubeba kilo 40, na uzito huo wote hukaa juu ya kitambaa kilicho mgongoni mwake. Kitambaa kikikaa vibaya, ngozi huchubuka, kidonda hutokea, na familia hubaki bila mbebaji msimu wa kiangazi. Fundi cherehani mwenye vipimo sahihi anaweza kuzuia hasara hiyo.

Vipimo

Punda asimame mahali tambarare, kichwa kikiwa juu. Fundi apime sehemu tatu:

1. Urefu, kuanzia nyuma ya bega hadi ubavu wa mwisho. Matandiko yasipite hapo.
2. Upana, kutoka karibu na uti wa mgongo hadi katikati ya mbavu, kila upande.
3. Mzingo wa kifua, nyuma ya miguu ya mbele, kwa ajili ya mshipi.

Vipimo vya punda mmoja visitumiwe kwa mwingine. Punda aliyekonda kwa ukame pia apimwe upya.

Kushona

Zishonwe mito miwili, mmoja kila upande, iunganishwe kwa vipande vya kitambaa juu. Kati yake paachwe nafasi ya vidole vinne, ili uzito ulale kwenye nyama za mbavu, usiguse mfupa wa uti. Upande wa ngozini utumike marekani au blanketi kuukuu, kwa sababu pamba hunyonya jasho. Gunia la nailoni huhifadhi joto na kukwaruza.

Mito ijazwe nyasi kavu laini au matambara, kwa kiasi sawa pande zote, kisha ipigwe mishono ya kukatiza ili vijazo visirundikane. Mafundo na pindo vielekee nje. Mshipi uwe na upana wa kiganja. Kamba nyembamba hukata ngozi.

Kujaribu

Mshipi ukifungwa, kiganja kipite chini yake bila kulazimisha. Mzigo ukiwa juu, mtu asimame nyuma ya punda: mwanga uonekane kati ya mito, juu ya uti. Punda atembezwe robo saa, kisha matandiko yavuliwe. Jasho likienea sawasawa, kazi ni nzuri. Sehemu kavu katikati ya jasho, au manyoya yaliyovurugika, huonyesha mahali panapobana au kusugua. Hapo mto ufumuliwe na kujazwa upya.

Punda mwenye kidonda asibebeshwe mzigo hadi apone. Kumfanyisha kazi mnyama asiyefaa kwa sababu ya jeraha ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Mwenye punda aliyejeruhiwa amwone afisa wa mifugo aliye karibu mapema, kabla kidonda hakijaoza.