Uyoga wa Kisiki: Je, ni Dawa?

Wakulima wa Meru na Embu wanaokaa karibu na msitu hukuta juu ya visiki na mashinani mwa miti mizee uyoga mgumu kama ubao. Mwingine ni mwekundu-kahawia, tena hung'aa kama uliopakwa vanishi. Jamii yake huitwa ganoderma. Siku hizi unga wa uyoga wa jamii hii huuzwa ukiwa umechanganywa na kahawa au umetiwa katika vidonge, na wauzaji wengine husema kwamba unaponya ugonjwa wa sukari, presha na hata saratani. Yafaa kila mkulima ajue ukweli, kwa maana mtu akiacha dawa za hospitali kwa ajili ya unga huo anahatarisha maisha yake.

Uyoga ni kitu gani?

Uyoga si mmea. Hauna majani mabichi ya kujitengenezea chakula, bali hula miti, majani makavu na samadi inayooza. Kuvu ni ndugu yake. Katika ukoo huu mmoja yamo mema na mabaya. Mwaka 1928 Alexander Fleming aligundua huko London kwamba kuvu fulani huua vijidudu, na hiyo ndiyo asili ya dawa ya penisilini. Lakini mwaka 2004 watu 125 walikufa Ukambani na sehemu za jirani kwa kula mahindi yaliyoingia sumu ya kuvu. Basi usiseme, "Hiki kimetoka msituni, hakiwezi kudhuru."

Uyoga wa kisiki umepimwaje?

Wachina wameutumia kwa karne nyingi, wakiuchemsha na kunywa maji yake machungu. Wataalamu wamejaribu kupima sifa zake. Mwaka 2015 walikusanya majaribio matano ya wagonjwa wa sukari, jumla yao watu 398. Hawakupata ushahidi kwamba uyoga huu unafaa kutibu sukari au presha yao. Mwaka 2016 walitazama majaribio matano ya wagonjwa wa saratani, watu 373. Waliona kwamba huenda ukasaidia kidogo ukitumiwa pamoja na matibabu ya hospitali, lakini hapakuwa na ushahidi wa kutosha wa kuufanya dawa ya saratani.

Tena unaweza kudhuru. Mtu anayetumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi, au anayengojea kupasuliwa, asiunywe bila kumwuliza daktari. Madaktari wameandika pia habari za watu walioumia ini baada ya kunywa unga wake. Ukiwa unautumia, mwambie daktari wako wala usimfiche.

Jambo lingine la kukumbuka ni hili: ukiuona uyoga huu mashinani mwa mti ulio karibu na nyumba, jua kwamba mti huo huenda umeoza ndani. Uchunguze kabla upepo haujauangusha.

Uyoga wa chakula

Faida iliyo wazi zaidi imo katika sufuria. Uyoga wa kuliwa hauna mafuta mengi wala sukari nyingi, kwa hiyo wafaa kwa mwenye presha au sukari, mradi usitiwe chumvi na mafuta kupita kiasi. Una vitamini za jamii ya B na madini. Hata hivyo tusiusifu kupita kadiri. Kilo moja ya uyoga mbichi ina protini gramu 30 hivi, na kilo moja ya maharagwe makavu ina gramu 200 hivi. Pika uyoga pamoja na maharagwe, usiuze maharagwe yote.

Liko jambo moja jema ambalo halina gharama. Ukate uyoga vipande, uuanike katika jua la adhuhuri kwa muda wa saa moja, matumbo yake yakielekea juu. Jua hutengeneza ndani yake vitamini D, ambayo huimarisha mifupa. Ukitaka kuuweka akiba, endelea kuuanika mpaka ukauke kabisa na kuvunjika mkononi, kisha uutie katika chombo kinachofungwa vizuri.

Kuupanda nyumbani

Uyoga laini unaoitwa uyoga chaza hukua juu ya takataka za shamba: mabua ya mpunga kama yale ya Mwea, maganda ya maharagwe, au magunzi ya mahindi yaliyopondwa. Fanya hivi:

1. Kata mabua vipande vifupi, uyaloweke usiku kucha.
2. Yapike kwa mvuke katika pipa, kisha yaache yapoe.
3. Nawa mikono, uchanganye mabua na mbegu ya uyoga, utie katika mifuko safi.
4. Weka mifuko mahali penye giza kwa majuma matatu hivi, mpaka mabua yageuke meupe.
5. Toboa mifuko, ruhusu mwanga kidogo na hewa, unyunyize maji kila siku.

Nunua mbegu kwa mtu anayeaminika. Mwulize Bwana Shamba wako.

Jihadhari na sumu

Usile uyoga wa porini usioujua. Watu husema kwamba uyoga ulioliwa na wadudu hauna sumu, au kwamba sumu hutoka kwa kuchemsha. Maneno hayo si kweli. Sumu nyingine hukaa tumboni saa sita, hata kumi na mbili, kabla ya kuonyesha dalili, na wakati huo ini limekwisha kuanza kuharibika. Mtu akitapika au kuhara baada ya kula uyoga, mpeleke hospitali mara moja, nawe chukua mabaki ya uyoga huo ili daktari auone.

Maswali ya kujijaribu

1. Kwa nini mgonjwa wa sukari asiache dawa zake kwa ajili ya unga wa uyoga?
2. Ni nani asiyepaswa kunywa uyoga wa kisiki bila kumwuliza daktari?
3. Jua huongeza nini katika uyoga?
4. Shambani kwako kuna takataka gani zinazoweza kuotesha uyoga?