Sema Mapema Kwamba Hujui Kuogelea

Mdogo wangu wa Kihurio, huko Upare, barua yako nimeisoma, na naijibu hapa hadharani kwa sababu wenzako wengi wana swali hilohilo na wanaona haya kuuliza. Chuo kimekuchagua kwenda Uganda na kundi la wanafunzi, na kwenye ratiba kuna siku nzima ya kupiga kafi kwenye kayaki huko Jinja, pale Mto Nile unapotoka Ziwa Victoria. Hujui kuogelea. Unafikiria asubuhi hiyo useme tumbo linauma.

Usisingizie ugonjwa. Nenda kwa mwalimu anayewaongoza, sasa, mkiwa bado nyumbani, umwambie: mimi sijui kuogelea. Anayesema mapema anaweza kupangiwa kayaki ya watu wawili akae na mwongozaji, au akapelekwa kwenye maji yaliyotulia, au akabaki ufukweni kwa heshima zake. Anayenyamaza hugundulika akiwa tayari majini.

Wala hakuna aibu hapo. Mtoto wa Kihurio ameyaona maji ya mfereji tangu akiwa mgongoni mwa mama yake, amepita kwenye majaruba ya mpunga ya Ndungu, pengine amefika hadi bwawa la Kalemawe kununua samaki. Lakini maji yetu ni ya kumwagilia na kuchota. Hakuna aliyetukalisha akatufundisha kuelea. Mwenzako aliyekulia Tanga au Unguja ana bahati hiyo; wewe una nyingine.

Jinja kwenyewe si mahali pamoja. Bwawa la umeme la Bujagali lilipojengwa, maporomoko ya Bujagali yalifunikwa na maji, na juu ya bwawa mto umepanuka na kutulia. Huko ndiko wanakoanzia wageni wa mchezo huu. Chini ya bwawa kuna maji ya kasi yanayowaita wapiga kafi hodari kutoka nchi za mbali, na yako maporomoko kama Itanda ambayo hata hao huyatazama mara mbili. Kwa hiyo uliza: tunakwenda juu ya bwawa au chini yake? Jibu la swali hilo moja litakuambia ni siku ya namna gani mliyoandaliwa.

Na uendelee kuuliza. Kila mmoja atapata jaketi la kujiokolea linalomkaa mwilini? Waongozaji wangapi kwa wanafunzi wangapi? Ipo boti ya uokoaji? Nani huku nchi kavu anajua saa yenu ya kurudi? Usiogope kuonekana mjuaji. Machi 1993, huko Uingereza, wanafunzi wa sekondari waliokuwa kwenye kituo cha michezo walitoka Lyme Regis kwa kayaki, wakasukumwa na upepo hadi bahari kuu, na wanne wakafa katika maji ya baridi. Taarifa ya hatari ilichelewa kufika. Baadaye ikajulikana kwamba walimu wa mchezo waliokuwa wameacha kazi katika kituo kile walishaandika barua kuonya juu ya usalama. Mkurugenzi wa kampuni iliyomiliki kituo hicho alifungwa jela, na mwaka 1995 Bunge la Uingereza likatunga sheria ya kusimamia vituo vya michezo ya namna hiyo kwa vijana. Sheria ile ilikuja baada ya mazishi. Maswali yako yatangulie.

Ukishaingia majini, jaketi halivuliwi hata kwa picha moja. Mikanda yote ifungwe. Mwongozaji alivute mabegani, na likipanda hadi masikioni ni kubwa, omba jingine. Kayaki ikipinduka, jaketi litakuinua. Kama mnatumia ile yenye sketi ya kuzuia maji, inama mbele, vuta kitanzi cha sketi, jisukume utoke. Waombe waongozaji mjaribu hilo kwenye maji matulivu kabla ya jambo lolote. Mkondo ukikuchukua, lala chali, miguu juu ikitangulia uelekeo wa maji, wala usijaribu kusimama, maana mguu ukinasa kwenye jiwe mkondo utakulaza kifudifudi.

Sasa yale ambayo mwalimu wa kiume huenda asikuambie. Usiende umesuka rasta nene, kofia ngumu haitaingia. Mistari ya kulala inatosha. Acha jinzi, acha kanga kiunoni, vikilowa vinavuta na kunasa. Vaa suruali ya kubana na fulana ya mikono mirefu, na kama unajistiri kichwa, chukua kitambaa kinachobana kisichohitaji pini. Kama uko kwenye siku zako na huna utulivu, mwambie mwalimu wa kike. Hiyo ni sababu kamili, haihitaji maelezo.

Kuna pia kichocho. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi, na maji ya Ziwa Victoria na Nile ya juu yanavyo. Jikaushe vizuri ukitoka, na wiki 6 hadi 8 baada ya kurudi nenda kapime hata kama hujisikii vibaya. Dawa ipo na inaponya.

Umeandika kwamba mama amekataa katakata. Mama yako ni wa kizazi kilichosikia redioni habari za kuzama kwa meli ya MV Bukoba, 21 Mei 1996, mamia ya watu wakizama katika ziwa hilohilo linalozaa Nile. Usimcheke wala usimwambie mambo yamebadilika. Mpelekee majibu ya maswali yale, mpe namba ya simu ya mwalimu, na umwombe shangazi mtu mzima akae nanyi mnapozungumza. Mzazi anayejua mwanawe amevaa nini na yuko na nani hulegea.

Na wale wavulana watakaokuita mshamba ukisema leo sishuki? Waache. Ukifika, ukaona majaketi hayatoshi au mwongozaji ananuka pombe, kaa ufukweni, na umwambie mwalimu wazi kwa nini. Lakini ukikuta kila kitu kiko sawa, panda, mdogo wangu. Msichana wa Upare ana haki ya kuushika Mto Nile kwa mikono yake kama mwingine yeyote.

Jambo la mwisho halingoji. Uganda inadai cheti cha chanjo ya homa ya manjano, nacho huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa sindano. Ukichanjwa mara moja ni maisha yako yote. Ulizia hospitali ya wilaya Same wakuelekeze kituo kinachotoa, na uende wiki hii.