Ulimi Unaoshika Mzigo
Somo la vikundi: racheti ya mkono, kutoka gari la kumwaga kokoto hadi kisima chetu



Kabla ya kuanza somo, mwenyekiti amwombe mmoja wenu asome Kumbukumbu la Torati 22:8. Pale Waisraeli wanaagizwa kwamba mtu akijenga nyumba mpya aweke ukuta mdogo kuzunguka paa, asije mtu akaanguka na nyumba ikabeba hatia ya damu. Tuangalie jambo moja. Mwenye nyumba haachiwi tu kuwaonya wageni wawe waangalifu. Anaambiwa ajenge kitu cha kumzuia mtu asianguke. Somo la leo ni juu ya ukuta mdogo wa namna hiyo, ila huu ni wa chuma na unaenea mkononi.

1. JAMBO LILILOTOKEA

Mwaka mmoja nilitembelea kundi fulani lililokuwa likichimba kisima kando ya mto wa mchanga. Sitalitaja, maana lingeweza kuwa kundi lolote. Walikuwa wamefika mita 12. Juu ya kisima waliweka winchi, yaani lile gogo linalolala juu ya shimo na kuzungushwa kwa mpini ili kamba ijikunje na ndoo ipande. Mzee mmoja alikuwa chini anachimba, kijana na mama mmoja walikuwa juu wanazungusha.

Ndoo ilikuwa imekaribia mdomo wa kisima wakati mkono wa kijana, uliojaa jasho, ulipoteleza. Mama alijaribu kuudaka mpini. Mpini ukamvunja kifundo cha mkono, na ndoo ikashuka yote na mchanga wake. Yule mzee alikuwa ameegemea ukuta. Ndoo ikampiga begani. Alipona, tunamshukuru Mungu. Lakini hakuna aliyekubali kushuka tena. Kisima kikabaki mita 12 bila maji, na akina mama wakaendelea kwenda mtoni na punda kama zamani.

Watu walisema, "Kijana hakuwa makini." Mimi nasema winchi ile ilikosa kitu kimoja: racheti.

2. RACHETI NI NINI?

Kila mtu hapa amewahi kuisikia. Ukiwa juu ya baiskeli kwenye mteremko, ukaacha kukanyaga pedali, gurudumu la nyuma linalia ti-ti-ti-ti. Hiyo ni friwili, na ndani ya friwili kuna racheti. Ukikanyaga mbele inashika. Ukiacha, gurudumu linaendelea na safari peke yake.

Racheti ina vitu viwili tu:

(a) Gurudumu la meno. Meno yake hayafanani na ya gia ya kawaida. Kila jino lina upande mmoja wenye mteremko na upande mwingine uliosimama wima, kama meno ya msumeno.

(b) Ulimi. Hiki ni kipande cha chuma kilichofungwa kwa bolti upande mmoja, ili upande wa pili uweze kuinuka na kuanguka. Gurudumu likizunguka upande wa kupandisha mzigo, ulimi unapanda mteremko wa jino na kuangukia jino linalofuata: ti, ti, ti. Gurudumu likitaka kurudi nyuma, ulimi unagonga ule upande wima, na kazi inasimama hapo.

Kwa hiyo mzigo wenyewe ndio unaoukaza ulimi. Kadiri mzigo unavyozidi kuvuta, ulimi unazidi kushika. Mkono wa mtu huchoka na kuteleza, ulimi hauchoki.

3. MAGARI YA KUMWAGA

Wenzetu wa Mtito Andei, Kibwezi na Makindu wamekaa karibu na reli tangu ilipojengwa kutoka Mombasa, kazi iliyoanza mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Ukitazama chini ya mataruma utaona kokoto. Kokoto nyingi namna ile hazimwagwi kwa beleshi moja moja. Katika reli nyingi duniani kuna mabehewa ambayo sakafu yake ni milango. Mlango ukifunguka, mzigo unaanguka wenyewe.

Mwanzoni mwa karne ya 20, wajenzi wa barabara huko Marekani walikuwa na magari ya namna hiyo yaliyovutwa na farasi. Sakafu ilikuwa milango miwili iliyofunguka kuelekea chini. Minyororo ilitoka kwenye milango na kujikunja kwenye mtaimbo uliolala kwa upana wa gari. Kwenye mtaimbo huo palikuwa na gurudumu la meno na ulimi wake. Dereva alipofika mahali pa kumwaga aliuinua ulimi. Uzito wa udongo ukaisukuma milango, mtaimbo ukazunguka, mzigo ukamwagika mara moja. Kisha akaupeleka mpini mbele na nyuma, jino kwa jino, mpaka milango ikafunga tena. Mtu mmoja, bila injini, aliweza kufungua na kufunga sakafu yenye mzigo mzito.

Kuna mafunzo mawili hapo. La kwanza: mzigo mzito hufungwa kidogo kidogo, na kila hatua inashikiliwa isirudi. La pili ni la kuogopa. Ulimi ukiinuliwa wakati mzigo bado umebana, mtaimbo huzunguka kwa nguvu sana. Kama mtu ameacha mpini kwenye mtaimbo, mpini huo unageuka rungu. Ndiyo maana kwenye vifaa hivyo mpini ulitakiwa kutolewa au kulegezwa kabla ulimi haujainuliwa. Kundi lolote litakalotengenezewa tela au sanduku la kumwaga mchanga lenye milango ya namna hii lizingatie hilo: mpini utoke kwanza, ulimi uinuliwe baadaye, na mtu yeyote asisimame chini au kando ya mlango.

4. TURUDI KISIMANI

Huku kwetu Mutomo mzigo unaotutesa zaidi ni ule unaotoka shimoni. Watu wa hapa wanajua kazi ya maji: tuna mawe makubwa yaliyojengewa kuta ili kukinga mvua, mabwawa ya mchanga, na visima vya kuchimba kwa mkono. Miaka ya 1980, wakati wa mradi wa kuhifadhi udongo na maji wa Mutomo uliosaidiwa na Danida, watu walibeba mawe na mchanga kwa mwethya. Nguvu ya watu tunayo. Tuilinde.

Hebu tupige hesabu pamoja. Ndoo ya lita 20 ikijaa mchanga uliolowa ina uzito wa karibu kilo 40. Kama gogo lina upana wa sentimita 20 na mkono wa mpini una urefu wa sentimita 40, unayezungusha utasikia uzito wa kilo 10 hivi, pamoja na ule wa msuguano. Ndiyo sababu kazi inaonekana nyepesi na watu wanaanza kupiga soga.

Lakini ukiuachilia mpini, kilo 40 zinabaki kilo 40. Kitu kinachoanguka mita 12 bila kuzuiwa hufika chini kwa mwendo wa karibu kilomita 55 kwa saa. Huo ni mwendo wa matatu barabarani, na chini yake kuna mtu asiye na pa kukimbilia.

Sasa tuweke racheti yenye meno 12. Gogo likizunguka mara moja linakunja kamba ya karibu sentimita 63. Gawanya kwa 12, unapata kama sentimita 5. Maana yake, mkono ukiteleza ndoo itashuka sentimita 5 tu kwa zaidi, urefu wa kidole kifupi, kisha ulimi utaishika. Hiyo ndiyo tofauti kati ya sentimita 5 na mita 12.

5. KUITENGENEZA

Fundi yeyote wa jua kali mwenye mashine ya kuchomelea anaweza. Mwambieni hivi:

• Gurudumu la meno likatwe kwenye bamba la chuma lenye unene usiopungua milimita 10, upana wa sentimita 20, meno 12. Msikubali gia kuukuu ya gari. Meno yake yana mteremko pande zote mbili, na ulimi unaweza kuruka.

• Gurudumu lishikane na gogo lenyewe. Kama gogo ni la mti, lifungwe kwa bolti zinazopita. Likishikana na mtaimbo tu, gogo linaweza kuteleza juu ya mtaimbo, na racheti itakuwa imeshika hewa.

• Ulimi uwe wa chuma kinene, na bolti yake iwe nene, ya milimita 16 hivi. Ifungwe kwenye nguzo imara ya fremu, si kwenye ubao wa kupigilia misumari.

• Ulimi ukae juu ya gurudumu ili uanguke kwa uzito wake wenyewe. Springi ni msaada mzuri, lakini springi hukatika. Uzito haukatiki.

• Kama fedha zinatosha, wekeni ndimi mbili. Moja ikishindwa, nyingine ipo.

Kabla ya kumshusha mtu, jaribuni. Fungeni gunia la mawe lenye uzito kuliko ndoo yenu, lipandisheni kidogo, kisha waambieni walioshika mpini wauachilie wakiwa wamekaa mbali nao. Rudieni mara kumi, gurudumu likiwa limesimama kwenye meno tofauti. Shimoni asiwepo mtu.

6. WAKATI WA KAZI

Kuwe na watu watatu juu: wawili wa mpini na mmoja wa ulimi. Huyu wa ulimi tumemwita kwa utani "mshika ulimi", na kweli anatakiwa apunguze maneno. Kazi yake ni kusikiliza. Ndoo ikipanda, ti-ti-ti isikatike. Ikinyamaza, anasema "Simama!" na wote wanasimama.

Kushusha ndiko kwenye hatari. Mfuate hatua hizi:

Kwanza, wa mpini wanashika uzito na kupandisha kidogo, ulimi ulegee.
Pili, mshika ulimi anauinua.
Tatu, wa mpini wanashusha polepole, mikono yote miwili ikiwa kwenye mpini. Wakichoka wanasema, gogo linasimama kabisa, na ulimi unarudishwa.

Msiuangushe ulimi kwenye gurudumu linalokwenda mbio. Utavunja jino au ulimi wenyewe. Na hili tunalisema kwa uchungu kwa sababu tumeliona: msiufunge ulimi juu kwa waya eti kelele zinasumbua au kushusha kunachelewesha. Racheti iliyofungwa kwa waya ni pambo.

Chini, mchimbaji avae kofia ngumu na ajibanze ukutani kila ndoo inapopanda. Ndoo isijazwe hadi mdomoni; jiwe moja likidondoka racheti haitalizuia. Wala winchi hii isitumike kumpandisha mtu bila kamba ya pili ya usalama iliyofungwa kwenye nguzo nyingine. Habari za hewa na kuta za kisima ni somo lingine, na zisidharauliwe.

7. UKAGUZI WA ASUBUHI

Kila siku kabla ya kazi, mtu mmoja aliyechaguliwa na kundi aangalie: je, meno yameliwa na kuwa mviringo? Je, ulimi unaanguka wenyewe, au umeshikwa na kutu na mchanga? Nati ya bolti imelegea? Kamba imechanika mahali? Tieni grisi kidogo kwenye bolti ya ulimi. Kwenye meno msitie grisi, maana inakamata mchanga, na mchanga unakula chuma.

Wengi wetu huchimba kati ya Septemba na Oktoba, maji yakiwa yameshuka kabisa, ili kisima kisikauke mwaka unaofuata. Ni wakati mzuri. Lakini mvua ya nthwa ikikaribia watu huingiwa na haraka. Haraka hiyo ndiyo inayofunga ulimi kwa waya. Amueni mapema, watu wakiwa wametulia, na mwandike kwenye kitabu cha kumbukumbu: bila racheti, hakuna anayeshuka.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kazi zetu, ni mizigo gani inayoshikiliwa na mkono wa mtu peke yake?
2. Mtu akiumia huwa tunasema nini kwanza: "hakuwa makini", au "tulikosa nini"?
3. Gogo la winchi yetu lina upana gani? Pigeni hesabu: kwa meno 12, ndoo itashuka sentimita ngapi mkono ukiteleza?
4. Nani atakuwa mkaguzi wetu, na ana ruhusa ya kusimamisha kazi hata kama mwenyekiti ana haraka?
5. Bei ya racheti kwa fundi wetu ni kiasi gani? Kila mwanachama atoe ngapi?

Swali la nne lisirukwe. Mkaguzi asiye na ruhusa ya kusema "simama" ni kama ulimi usiofika kwenye meno.

Mwenyezi Mungu aibariki kazi ya mikono yenu, na kila anayeshuka asubuhi apande jioni.