Desturi za Nyumbani na Chakula cha Mtoto

Kwa akina mama na bibi waliohamia Wetherill Park na viunga vyake

Mama aliyelelewa kijijini, iwe Kivu, Kigoma au Burundi, hakujifunza kitabuni namna ya kulisha mtoto. Alijifunza jikoni, kwa mama yake na mama mkwe wake. Nyingi ya desturi hizo zafaa hata hapa Sydney. Chache humnyima mtoto chakula anachokihitaji zaidi.

Desturi za kuendeleza

• Kunyonyesha. Mpe mtoto maziwa ya mama pekee, bila maji wala uji, hadi miezi 6 hivi. Kisha aendelee kunyonya pamoja na chakula hadi atimize mwaka 1 na zaidi, kadiri mpendavyo.
• Maharage, ndagala na mboga za majani. Ziponde zilainike, nawe uondoe miiba ya samaki.

Desturi za kuacha

• Kumwaga maziwa ya kwanza ya manjano. Hayo humkinga mtoto na maradhi.
• Kumnyima yai. Husemwa kwamba mtoto alaye yai atachelewa kusema au atakuwa mwizi. Si kweli. Yai lililoiva vizuri na karanga zilizosagwa laini vianzwe kabla ya miezi 12, kwani kuvichelewesha kwaweza kuongeza hatari ya mzio. Ikiwa mtoto ana mzio tayari au ukurutu mkali, muulize daktari kwanza.
• Kumpa baba nyama, na mtoto mchuzi. Madini ya chuma yamo ndani ya nyama. Kuanzia miezi 6 hivi, akiba ya madini hayo aliyozaliwa nayo mtoto hupungua. Akiyakosa, hupungukiwa damu, hulegea, na akili yake huchelewa kukua. Msagie nyama, naye apate sehemu yake.
• Uji mwepesi. Hujaza tumbo pasipo kuujenga mwili. Uwe mzito, utiwe karanga zilizosagwa, yai au ndagala wa unga.
• Chai. Huzuia mwili kupata madini ya chuma. Mtoto mdogo asipewe.

Asali isitolewe kabla ya miezi 12, wala karanga nzima kabla ya miaka 5, kwa kuwa humsakama mtoto kooni.

Bibi asipokubali

Mara nyingi uamuzi si wa mama peke yake. Usishindane na mkubwa. Mwombe mwende pamoja kwa muuguzi wa afya ya mtoto na familia. Huduma hii hailipiwi. Muuguzi humpima mtoto uzito na urefu, akaandika katika Kitabu cha Buluu. Bibi akiuona mwenyewe mstari wa ukuaji ukipanda au ukishuka, mazungumzo huwa mepesi.

Kwa msaada

Piga 131 450, useme “Swahili”, kisha umwombe mkalimani akuunganishe na Healthdirect, 1800 022 222, saa 24 kila siku. Mtoto akishindwa kupumua, piga 000 mara moja.